Uyoga Dawa: Kwa Nini Mkupuo wa Kwanza Hujaza Kikapu na wa Tatu Hauonekani?

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA MAENDELEO ZA PAROKIA



Katika toleo hili tunaleta somo juu ya kilimo cha uyoga, hasa uyoga unaouzwa kama dawa. Tumelichagua kwa sababu moja. Maandiko ya miradi ya uyoga ni mengi, na karibu yote yana kasoro ileile katika ukurasa wa mapato: mavuno ya mara ya kwanza huchukuliwa, yakazidishwa kwa idadi ya miezi, na jumla ikaandikwa kuwa ndiyo faida ya mwaka. Uyoga hauendi hivyo. Mkupuo wa kwanza hujaza kikapu, wa pili hujaza nusu, wa tatu hutoka kwa shida, na baada ya hapo mfuko hubaki na ukungu wa kijani. Kikundi kilichokopa VICOBA kwa matumaini ya mavuno sita hubaki na deni, na wanakikundi huanza kutazamana kwa jicho baya wakidhani fulani ameiba au amezembea.

Mara nyingi hakuna aliyeiba wala kuzembea. Hesabu ndiyo iliyokosewa tangu mwanzo. Tunaandika haya tukiifikiria Kibakwe na vijiji vya Wilaya ya Mpwapwa, ambako mvua ni ya msimu mmoja, maji hubebwa kichwani, na kila shilingi ya kikundi ina jina la mtu.

1. TUNAZUNGUMZIA UYOGA GANI?

Unaolimwa zaidi hapa nchini ni uyoga mamama, ambao wataalamu huuweka katika jamii ya Pleurotus. Huu ni chakula kwanza, ingawa wapo wanaousifia pia kwa afya. Upo uyoga wa reishi, wa jamii ya Ganoderma, mgumu kama gome la mti na mchungu. Hauliwi kama mboga; hukatwakatwa, hukaushwa, husagwa au huchemshwa. Wapo pia shiitake na kodisepsi, ambao sifa zao zimeenea kutoka Asia.

Utafiti wa uyoga hapa Tanzania si mgeni. Mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, unaolika na wenye sumu. Mwaka 2008 watafiti Mshandete na Cuff walichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa asili wa nchi hii juu ya mabaki ya mkonge yaliyoozeshwa. Kwa hiyo swali la kama uyoga unaweza kulimwa Tanzania lina jibu: unaweza. Swali letu leo ni kwa nini hautoi tena na tena kutoka mfuko uleule.

2. UYOGA WA PORINI HURUDI, KWA NINI WA MFUKONI HAURUDI?

Kila mwenyeji wa nyanda za kati anajua kwamba mvua zikinyesha, uyoga huota mahali palepale pa mwaka jana. Mama aliyeonyeshwa kichuguu na bibi yake huenda kichuguu kilekile. Ndiyo maana watu hutarajia mfuko nao utende vivyo hivyo.

Lakini uyoga wa kichuguu haujitegemei. Mchwa ndio wakulima wake. Kila siku wanaingiza majani na vijiti vilivyotafunwa, na uyoga unaishi juu ya chakula hicho. Vilevile aina nyingi za uyoga unaookotwa chini ya miti ya miombo zimeungana na mizizi ya miti hiyo: mti huupa uyoga sukari, na uyoga huusaidia mti kupata maji na virutubisho. Mti ukiendelea kuishi, uyoga una mlishaji.

Mamama na reishi ni wa namna nyingine. Hula mti uliokufa au mabaki ya mazao. Tukijaza mfuko magunzi, mabua au pumba za mbao, tumewapa chakula mara moja tu. Hakuna mchwa anayeleta kingine, wala mzizi unaopeleka sukari. Mfuko ni kama ghala lenye mlango wa kutolea bila mlango wa kuingizia. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

3. HESABU YA GHALA

Tuchukue mfuko mmoja wa mamama wenye kilo 1 ya mabua makavu. Tukiulowesha ipasavyo, hadi maji yawe asilimia 65 ya uzito wote, mfuko utakuwa na karibu kilo 2.86, na ndani yake maji ni karibu lita 1.86. Tuseme mfuko huu, katika mikupuo mitatu, umetoa gramu 700 za uyoga mbichi: 400, kisha 200, kisha 100. Hayo ni mavuno mazuri.

Kwanza, maji. Uyoga mbichi ni maji kwa takribani asilimia 90. Kwa hiyo gramu 700 za uyoga zimeondoka na maji ya gramu 630 hivi. Hiyo ni theluthi moja ya maji yote yaliyokuwamo, kabla hatujahesabu yaliyopotea hewani. Kumwagilia sakafu na kunyunyizia juu ya mfuko kunasaidia hewa ya banda, lakini hakurudishi maji yote katikati ya mfuko.

Pili, chakula cha kujenga mwili. Kama binadamu, uyoga unahitaji naitrojeni ili utengeneze protini. Mabua ni maskini wa naitrojeni. Tukikadiria asilimia 0.6, kilo moja ina gramu 6 tu. Uyoga mkavu una naitrojeni ya karibu asilimia 4. Gramu 700 mbichi ni kama gramu 70 kavu, nazo zimebeba gramu 2.8. Karibu nusu ya naitrojeni yote imetoka na kikapu. Iliyobaki haipatikani kirahisi. Sehemu imo ndani ya nyuzi nyeupe zenyewe, na nyingine imefungwa katika sehemu ngumu za mabua.

Tatu, nguvu. Nyuzi za uyoga hupumua. Sehemu kubwa ya uzito mkavu unaopungua mfukoni haiendi kwenye uyoga kabisa. Hutoka kama hewa ya ukaa. Ndiyo maana mfuko wa zamani huwa mwepesi, umesinyaa na kuachana na plastiki. Nafasi hiyo kati ya mabua na plastiki ndiyo njia ya wadudu na ukungu.

Kwa hiyo mkupuo wa nne ukikosekana, mfuko haujakataa kuzaa. Umekwisha.

4. REISHI ANA SABABU ZA ZIADA

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa reishi huuzwa kwa bei ya dawa, basi ni kuubadilisha tu kwa mamama. Tuangalie tofauti zake.

(a) Ni wa polepole. Mamama, tangu kupandwa mbegu hadi kuchumwa, huchukua wiki chache. Reishi mara nyingi huchukua miezi mitatu au zaidi. Katika muda huo wote banda linahitaji unyevu na uangalizi, bila fedha kuingia.

(b) Mwili wake ni mti. Kofia moja ya reishi imebeba malighafi kavu nyingi kuliko vichwa laini vya mamama vya uzito uleule. Mfuko ukishatoa kofia nzuri umetumia sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa kawaida wakulima wa mifuko hupata mkupuo mmoja, au miwili ambapo wa pili ni mdogo. Mavuno makavu mara nyingi hayafiki gramu 100 kwa kila kilo moja ya malighafi kavu.

(c) Hukasirishwa na hewa nzito. Banda likifungwa sana, hewa ya ukaa hujaa, na reishi huota kama pembe za swala bila kofia. Ukifungua madirisha wakati wa upepo wa kiangazi, ncha zake nyeupe hukauka na kuacha kukua.

(d) Hutaka pumba za mbao zilizopikwa kwa mvuke kwa saa nyingi. Hapo kuna suala la kuni, ambalo tutalirudia.

Kodisepsi ni mgumu zaidi. Aina inayolimwa juu ya mchele kwenye chupa kwa kawaida huvunwa mara moja, na mbegu yake ikihamishwa mara chache kutoka chupa hadi chupa hupoteza uwezo wa kuzaa. Hii ni kazi ya maabara. Hatushauri kikundi cha kijijini kianze nayo.

5. HALI YA HEWA YA KWETU

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Vijiji vya milimani upande wa Rubeho vina ubaridi na ukungu kuliko tambarare, lakini kiangazi kinafika kote. Uyoga unapochipua unahitaji unyevu hewani wa asilimia 80 hadi 90. Wakati wa masika banda la udongo lenye paa la nyasi hulishika hilo kwa urahisi. Mwezi wa Septemba hali ni nyingine: upepo ni mkavu, na vichwa vidogo vilivyochomoza kama vya kiberiti hukauka ndani ya siku moja.

Mara nyingi mkupuo wa kwanza huangukia kwenye unyevu, na wa pili na wa tatu huangukia kwenye ukame, kwa sababu vikundi huanza kazi mvua zikiwa zimekwisha kukolea. Kupanga tarehe ya kupanda ni sehemu ya mavuno.

Hapa kuna swali ambalo kamati hazipendi kuliuliza: nani atabeba maji? Banda la kiangazi linataka ndoo kadhaa kila siku, asubuhi na jioni, na wabebaji ni akina mama walewale waliokwisha kubeba maji ya nyumbani. Mradi usiohesabu ndoo hizo umeficha gharama yake kubwa kuliko zote.

6. WAVAMIZI NA MBEGU ILIYOCHOKA

Mfuko mpya uliojaa nyuzi nyeupe hujilinda. Mfuko uliochoka haujilindi. Mavamizi ya kawaida ni ukungu wa kijani na nzi wadogo weusi ambao funza wao hula nyuzi. Huingia kwa urahisi kupitia visiki vya uyoga vilivyoachwa baada ya kuchuma. Kisiki huoza, nzi hutaga, na mkupuo wa pili umeharibika kabla haujaanza.

Wengine hujaribu kuongeza pumba za mahindi au mashudu ya alizeti ili mfuko uwe na nguvu ya kuzaa mara nyingi. Kwa kiasi kidogo inasaidia. Zikizidi, mfuko hupata joto ndani na ukungu wa kijani huwahi kuliko uyoga, maana chakula kitamu hakina ubaguzi wa mlaji.

Sababu nyingine ni mbegu. Vikundi vingine, ili kuokoa fedha, huchukua kipande cha mfuko wa zamani na kukifanya mbegu ya mifuko mipya. Msimu wa kwanza huweza kufaulu. Lakini kila mara nyuzi zinapohamishwa huzeeka na hubeba uchafu pamoja nazo, na mavuno hupungua hadi kukoma. Mbegu huharibika pia njiani: chupa zilizowekwa juani juu ya basi kutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 450 hadi Dodoma, huweza kufika zikiwa zimepikwa.

7. NINI KIFANYIKE?

Mambo yafuatayo yapo ndani ya uwezo wa kikundi cha kawaida.

1. Anzeni na mamama wa chakula. Kikundi kikimudu misimu miwili ya mamama, ndipo kifikirie reishi.

2. Msipande mifuko yote siku moja. Badala ya mifuko 100 kwa mara moja, pandeni 20 kila baada ya wiki mbili. Mavuno ya kudumu hutokana na mifuko mipya inayofuatana, wala si mfuko mmoja kuzaa milele.

3. Mkichuma, ng'oeni kwa kuzungusha na msiache kisiki. Safisheni sehemu iliyobaki kwa kisu kisafi.

4. Baada ya mkupuo, pumzisheni mfuko kwa wiki moja hivi bila kuumwagia maji mengi. Kisha kama umekuwa mwepesi, uzamisheni katika maji safi kwa saa kadhaa, uchuruzike, ndipo urudi bandani. Hatua hii hurudisha sehemu ya maji yaliyotoka na kikapu.

5. Mfuko wenye ukungu wa kijani utolewe siku hiyohiyo na ufukiwe mbali na banda.

6. Nunueni mbegu mpya kila msimu, zenye tarehe, na zisafirishwe kivulini.

7. Mfuko uliokwisha upelekwe shambani. Mabaki yake ni mbolea nzuri ya bustani ya mboga. Hili nalo ni vuno, na ndilo lisilokosekana.

8. Vaeni kitambaa puani wakati wa kuchuma, maana vumbi la uzazi la mamama hudhuru mapafu ya wanaolivuta kila siku.

Wapo watakaosema reishi ulimwe juu ya magogo, kwa sababu gogo lina akiba kubwa na hutoa kwa miaka miwili au mitatu. Ni kweli. Lakini mkoa wetu unaijua gharama ya ardhi iliyo uchi; mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo na mmomonyoko. Hatuwezi kukata miti ya miombo ili kuotesha dawa ya kuuza mjini. Tumieni pumba za mbao za mafundi seremala na matawi yaliyopogolewa. Maji ya kuchemshia mabua yapikwe kwa majiko banifu.

8. HESABU YA KWELI YA MRADI

Tutoe mfano wa darasani. Kikundi kina mifuko 100, kila mmoja una kilo 1 ya malighafi kavu. Mkupuo wa kwanza ni gramu 400 kwa mfuko. Andiko lenye kasoro litasema: mikupuo mitatu ni 400 mara 3 mara 100, yaani kilo 120.

Hesabu ya kweli ni 400, 200 na 100, yaani gramu 700 kwa mfuko. Kwa mifuko 100 ni kilo 70. Tuondoe mifuko 15 iliyoharibika, zinabaki kilo 59.5. Hiyo ni chini kidogo ya nusu ya kilichoandikwa. Kama bado faida inaonekana baada ya kulipa mbegu, mifuko, kuni, usafiri na kazi ya maji, basi mradi una miguu. Kama faida inaonekana tu kwenye kilo 120, msikope.

9. TUSEME NINI KWA MNUNUZI?

Neno "dawa" lina uzito. Reishi umetumika Asia kwa karne nyingi, na utafiti unaendelea. Lakini mapitio ya tafiti yaliyofanywa na taasisi ya Cochrane, na kuhuishwa mwaka 2016, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuutumia reishi kama tiba ya kwanza ya saratani. Mapitio mengine ya mwaka 2015 hayakuona ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa sukari na hatari za ugonjwa wa moyo kwa wenye kisukari.

Kwa hiyo kikundi kinachobeba jina la parokia kisimwambie mgonjwa aache ARV, dawa za kisukari au za shinikizo la damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kutumia reishi. Aidha, kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake. Tangu mwaka 2019 masuala ya dawa yako chini ya TMDA, na usalama wa chakula umehamia TBS. Kabla ya kubandika neno "tiba" kwenye pakiti, kikundi kiulize ofisi husika kupitia wilaya.

10. KWA WAFADHILI WETU

Mnaotuchangia mna haki ya kuuliza maswali, nasi tunawaomba muulize haya: Je, bajeti imepunguza mavuno kila mkupuo? Je, kuna fedha za mbegu za msimu wa pili, au ni za banda na uzinduzi tu? Je, maji yamehesabiwa?

Jirani yetu Kongwa ni shahidi. Mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza ulianza huko mwaka 1947 na ukaachwa mwaka 1951, ukiwa umepoteza pauni milioni 36 hivi. Karanga zenyewe ni zao la wenyeji na hazikuwa na kosa. Mipango iliandikwa bila kuujua vizuri mvua wala udongo, ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji. Banda la uyoga ni dogo kuliko Kongwa, lakini kwa mama mjane aliyeweka akiba yake humo, hasara ni kubwa vilevile.

Ni afadhali kumpa kikundi ahadi ndogo inayotimia. Mfuko wa uyoga utatoa kilichomo, na kazi yetu ni kujua kilichomo kabla ya kuandika faida.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika kijiji chenu, ni mabaki gani ya mazao yanapatikana bila kuwanyima mifugo malisho? Yanapatikana miezi gani?

2. Chanzo cha maji kiko umbali gani na banda, na nani atakayebeba? Je, kazi yake italipwaje?

3. Pitieni upya andiko la mradi mlilonalo. Punguzeni mkupuo wa pili uwe nusu ya wa kwanza, na wa tatu uwe nusu ya wa pili. Je, faida bado ipo?

4. Mtu akija kununua uyoga kwa ajili ya mgonjwa, kikundi chenu kitamwambia nini?